Meza ya dola, meza ya shilingi: modeli ipi ya kuyumba kwa riba ikufae?

Jumapili moja ya mwezi wa sita, vumbi la Dodoma likiwa limeshaanza kuingia hadi kwenye kibodi, nilipata jumbe mbili ndani ya saa moja. Wa kwanza ulitoka kwa kijana niliyewahi kumfundisha hesabu za fedha, ambaye sasa yuko kwenye kiwanda cha kukamua alizeti Singida: "Shikamoo mwalimu. Benki imetupa bei ya dari ya riba ambayo ni mara tatu ya niliyokokotoa mimi. Wanatuibia, au nimechagua modeli mbaya?" Wa pili ulitoka kwa dada anayeshughulikia uwekezaji kwenye mfuko mmoja hapa mjini: "Shikamoo mwalimu, bosi anataka kujua hatifungani zetu za miaka 25 zitapoteza kiasi gani riba ikipanda. Nitumie modeli ya Vasicek au ya CIR?"

Nikawajibu marahaba wote wawili, halafu nikakaa. Maswali yanafanana kwa sura tu. Mmoja anafanya kazi kwenye meza ya dola, ambako opsheni za riba, yaani mikataba inayokupa haki bila kukulazimisha, zinauzwa kila siku na bei zake zinaonekana. Mwingine yuko kwenye meza ya shilingi, ambako hakuna skrini ya kukuonyesha opsheni ya riba ya shilingi inauzwa kwa kuyumba kiasi gani. Modeli inayomfaa mmoja inaweza kumpoteza mwenzake, hata kama vitabu vinaziweka zote kwenye sura moja.

Maneno kwanza, tusije tukaongea lugha mbili. Kuyumba ni ukubwa wa mabadiliko ya riba kwa mwaka, ukipimwa kwa mkengeuko sanifu. Pointi moja ni sehemu ya mia ya asilimia 1, kwa hiyo pointi 100 ni asilimia 1 kamili. Derivativi ni mkataba ambao thamani yake inaning'inia kwenye kitu kingine, na hapa kitu hicho ni riba. Dari ni derivativi ya kinga: unalipa leo, na riba ikivuka kiwango mlichokubaliana muuzaji anakulipa kilichozidi. Wapo wanaoiita "kapu", lakini kwa mtu aliyetoka kununua nyanya Soko la Majengo neno hilo lina kazi nyingine kabisa, kwa hiyo mimi nabaki na dari.

Meza ya dola: Bachelier au Black

Kiwanda kina mkopo wa dola milioni 2, riba inaelea na kurekebishwa kila miezi mitatu. Msimu wa kununua mbegu ndio umeanza, fedha imeingia ghalani, na mwenye kiwanda anaogopa riba isipande kama ilivyopanda 2022 na 2023, pale Benki Kuu ya Marekani ilipoitoa riba yake karibu na sifuri hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.50. Anataka dari ya asilimia 6. Dari nzima ni mkusanyiko wa vipande, kimoja kwa kila miezi mitatu. Tuchukue kipande kimoja tu, kinachoanza mwaka mmoja kutoka leo, na namba nimezizungusha ili zisomeke: riba ya mbele (ile ambayo soko la leo linaiweka kwa kipindi kijacho) ni asilimia 4, na kwa sasa tusipunguze kwa thamani ya muda.

Black, kutokana na kazi ya Fischer Black ya 1976, anasema riba huyumba kwa uwiano wa ukubwa wake. Ikiwa kwenye asilimia 8 inayumba mara mbili ya ikiwa kwenye 4, na haiwezi kushuka chini ya sifuri. Bachelier ni mkongwe zaidi. Louis Bachelier aliandika tasnifu yake Paris mwaka 1900, na kwake riba huyumba kwa pointi zilezile iwe juu au chini, na ikibidi inapita sifuri bila kuomba ruhusa.

Ili tuwalinganishe kwa haki, Bachelier tumpe kuyumba kwa pointi 100 na Black asilimia 25. Robo ya asilimia 4 ni asilimia 1, yaani pointi 100 zilezile, kwa hiyo wanaanzia mahali pamoja. Hizi ni bei za kipande kimoja, kwa dola:

| Mkataba | Bachelier | Black |
|---|---|---|
| Dari ya 4% | 1,995 | 1,990 |
| Dari ya 6% | 42 | 134 |
| Sakafu ya 2% | 42 | 3 |

(Sakafu ni kinyume cha dari: inalipa riba ikishuka chini ya kiwango.)

Mstari wa kwanza ndio unaowadanganya wanafunzi. Wakiona 1,995 na 1,990 wanasema modeli zote sawa, chagua yoyote. Ukisogea hadi 6, bei ya Black ni zaidi ya mara tatu. Ukishuka hadi 2, Bachelier anadai dola 42 na Black anakuuzia kwa dola 3 tu.

Hata pale bei zinapolingana kinga hailingani, na hilo kwangu ni zito kuliko jedwali lenyewe. Tuseme kiwanda hakitaki dari, kinataka kuiga dari kwa swapu (mkataba wa kubadilishana riba inayoelea na riba isiyobadilika), kikiongeza na kupunguza kadiri riba inavyotembea. Kwa dari ya asilimia 4, Bachelier anamwambia ashike swapu ya nusu ya mkopo, asilimia 50. Black anamwambia 55. Kwa mkopo wa dola milioni 2 tofauti hiyo ni dola 100,000 za swapu, na bei mliyokubaliana ni ileile! Ndiyo maana sipendi kumsikia mtu akisema modeli yake ni nzuri kwa sababu "imetoa bei ya soko". Bei ya soko umeiingiza mwenyewe kupitia kuyumba. Modeli inapimwa kesho yake, riba ikishatikisika, uone kama kinga uliyoshika ilifidia.

Kati ya hawa wawili mimi ni wa Bachelier, na sababu moja ni ya kihistoria. Kuanzia Juni 2014 hadi Julai 2022 riba ya amana ya Benki Kuu ya Ulaya ilikuwa chini ya sifuri. Black anatumia logi ya riba, na logi ya namba hasi haipo, kwa hiyo programu nyingi zilikataa tu kutoa jibu. Watu wakarudi kwa mzee wa 1900. Mafuta ghafi ya Marekani yalifanya kituko hichohicho tarehe 20 Aprili 2020, bei ilipofungwa kwenye dola 37.63 chini ya sifuri, na wasiokuwa wamejiandaa wakaikimbilia modeli ileile. Sababu ya pili ni ya kawaida kabisa: wauzaji wa dola siku hizi wanataja kuyumba kwa pointi. Ukienda na asilimia za Black mtakuwa mnaongea bila kusikilizana.

SABR, na ule uzito wa kuitunza

Sasa rudi kwenye malalamiko ya kijana. Yeye alitumia Bachelier na pointi 100, akapata 42. Benki ikaja na 134. Anasema wizi, na hesabu za Black kwenye jedwali zinamshawishi kwamba benki bado inatumia modeli ya zamani. Huenda. Lakini jiulize: Bachelier akitakiwa atoe 134 kwenye dari ya 6, anahitaji kuyumba kwa pointi ngapi? Jibu ni 123. Si 300. Pointi 23 za ziada zinatosha kuikuza bei mara tatu, kwa sababu dari iliyo mbali na riba ya leo inaishi kwa matukio adimu, na matukio adimu huguswa sana na kuyumba.

Soko kwa kawaida halitoi kuyumba kwa namba moja. Dari iliyo mbali juu ina namba yake, iliyo katikati ina yake, sakafu ina yake. Ukizichora zinapinda kama mdomo unaocheka, na wenyewe wanaita tabasamu. Kuweka pointi 100 kila mahali ni sawa na kumpima kila mtu shati kwa mwili wa ndugu yake.

SABR ilitengenezwa kwa kazi hiyo. Iliandikwa na Patrick Hagan na wenzake watatu, mwaka 2002, na ina herufi nne za Kigiriki. Alfa ni kiasi cha kuyumba. Beta inakuweka kati ya Bachelier (0) na Black (1). Ro inaeleza kama riba ikipanda kuyumba nako kunapanda. Nu ni kuyumba kwa kuyumba kwenyewe. Jina lake kwa sikio la Mswahili ni kama saburi, na kweli inataka saburi: kwa kila muda wa mkataba unaipatanisha upya na bei za soko, na bei zikihama unarudia. Uzuri wake ni kwamba ina fomula ya mkono, inakimbia haraka, na inatoa kinga yenye akili zaidi kwa sababu riba inapohama tabasamu nalo linahama. Ubaya wake ni kwamba fomula ile ni ya makadirio. Kwenye viwango vya chini sana huweza kutoa uwezekano hasi, kitu ambacho hata mpiga ramli hawezi kukutetea. Na SABR ya mwaka mmoja haijui lolote kuhusu SABR ya miaka mitano.

Je, kiwanda cha alizeti kinahitaji SABR? Hapana. SABR ni ya anayeuza dari mia na kuzikinga zote. Anayenunua moja anahitaji Bachelier na swali moja kwa benki: kwenye kiwango cha 6 mmetumia pointi ngapi? Swali hilo linaondoa ubishi wa modeli na kuacha biashara.

Lakini kuna jambo la pili la kuangalia kabla ya kuita mtu mwizi, nalo liko kwenye karatasi za mkopo. Libor ya dola, riba ya kigezo ya mikopo kati ya mabenki, ilikoma tarehe 30 Juni 2023, na mikopo mingi ikahamia SOFR, kigezo kinachotokana na mikopo ya usiku mmoja yenye dhamana. SOFR ina sura mbili. Ipo inayojulikana mwanzoni mwa kipindi, na ipo inayokusanywa siku hadi siku hadi mwisho wa kipindi ndipo mjue mnadaiwa nini. Ya pili inaendelea kuyumba ndani ya miezi mitatu yenyewe, ingawa kwa nguvu inayopungua kadiri siku zinavyojulikana. Kwa kipande chetu muda wa kuyumba haubaki mwaka 1, unakuwa mwaka 1 na theluthi moja ya robo mwaka, yaani 1.083. Nikamwambia afungue mkataba, asome kipengele cha riba, aache kunitumia picha za Excel.

HJM na modeli za soko: kwa ufupi

Zipo modeli kubwa zaidi. HJM (ya Heath, Jarrow na Morton) ya 1992 inatembeza mkunjo mzima wa riba, yaani riba za muda mfupi hadi mrefu, kwa pamoja, na inafundisha jambo zuri: ukishachagua kuyumba, mwelekeo hauna uhuru tena, unalazimishwa ili pasiwe na faida ya bure. Mwaka 1997 Brace, Gatarek na Musiela walitoa sura yake inayotumia riba halisi za soko, na mwaka huohuo Jamshidian akatoa yake. Zilijengwa juu ya Libor, na kuondoka kwa Libor kuliwalazimu wenyewe kuzijenga upya. Mwaka 2019 Lyashenko na Mercurio walionyesha namna ya kuingiza riba zinazokusanywa nyuma. Kama unauza opsheni ambazo mteja anaweza kuzitumia tarehe yoyote kati ya kumi, utazihitaji. Kama huuzi, soma HJM kwa ajili ya akili yako, halafu funga.

Meza ya shilingi: mbuzi na kamba yake

Kwa dada wa mfuko mambo ni tofauti kabisa. Hana tabasamu la kupatanisha. Ana minada ya serikali, ana hatifungani, na ana bosi. Hapa modeli za riba ya muda mfupi ndizo zenye kazi.

Chukua mbuzi aliyefungwa kamba kwenye mambo, yaani kigingi kilichopigwa ardhini, pembeni ya shamba, kama unavyowaona ukitoka Dodoma kuelekea Kongwa. Anatangatanga, lakini akienda mbali kamba inamrudisha. Hiyo ndiyo Vasicek, ya 1977:

dr = a(b − r)dt + σdW

Mbuzi ni r, yaani riba ya muda mfupi; mambo ni b, ukali wa kamba ni a, na kutangatanga ni σ (dt ni kipande kidogo cha muda, dW ni msukumo wa bahati nasibu). Ukitaka kujua kamba ina ukali gani kwa lugha ya kalenda, gawa 0.693 kwa a. Kwa a ya 0.1, nusu ya umbali kutoka kwenye mambo hurudishwa kwa miaka karibu 7. Kwa a ya 0.03 ni miaka 23.

CIR, ya Cox, Ingersoll na Ross mwaka 1985, ni mbuzi yuleyule, ila kutangatanga kunazidishwa kwa kipeuo cha pili (mzizi) cha r: σ√r. Riba ikikaribia sifuri mbuzi anatulia, na kama 2ab si ndogo kuliko σ² hagusi sifuri kabisa. Vitabu huitaja CIR kama dawa ya Vasicek, kwa sababu Vasicek huruhusu riba hasi.

Kwa shilingi hiyo dawa inatibu ugonjwa ambao hatuna. Chukua wastani wa asilimia 8, σ ya pointi 100 na a ya 0.1. Kwa muda mrefu mkengeuko wa riba ni σ/√(2a), yaani asilimia 2.24. Kutoka 8 hadi sifuri ni mikengeuko 3.58, uwezekano wa karibu mara 2 katika 10,000. Ingekuwa dola na wastani wa asilimia 3, uwezekano ungefika asilimia 9, na hapo ungekuwa na la kuhofia. Sababu halali ya kuchagua CIR kwa shilingi ni nyingine: kama data yako inaonyesha kwamba riba zikiwa juu zinayumba zaidi. Chora mabadiliko dhidi ya kiwango, uangalie kwa macho. Usipoliona hilo, chukua Vasicek.

Ukiichagua CIR, jihadhari na kosa hili ambalo limewahi kuniaibisha mbele ya darasa. σ ya CIR si σ ya Vasicek. Ukichukua 0.01 ukaipachika kwenye CIR na riba iko asilimia 8, unapata 0.01 × √0.08, yaani pointi 28 badala ya 100. Ulitakiwa kuandika 0.035. Programu haitalalamika. Itakupa jibu safi, dogo, lenye desimali nne.

Hull-White (1990) ni Vasicek iliyoruhusiwa kuhamisha mambo kila siku ili bei za hatifungani za leo zitoke sawasawa na zilivyo sokoni. Vasicek ya kawaida hukwambia hatifungani uliyonunua jana ina bei mbaya, na mkaguzi hataki kusikia hivyo. Kwa hiyo: Vasicek kwa kujifunza a na σ kutoka kwenye historia, Hull-White kwa kukokotoa bei na kinga. Ho-Lee ya 1986 ni Hull-White isiyo na kamba, mbuzi kaachiwa. Kwa hatifungani ya miaka 25 hapo mbali simfuati. Black-Derman-Toy ya 1990 hujengwa kwa mti na inapendwa na wanaopenda Excel, lakini kamba yake imejificha ndani ya namna kuyumba kunavyobadilika na muda, nami sipendi kamba ninayoshindwa kuiona.

Pointi 32 zilizokuwa 102

Kabla ya kubishana modeli, nilimwomba dada anitumie data. σ yake ilikuwa pointi 32 kwa mwaka. Nikashtuka. Riba ya shilingi yenye utulivu kuliko ya dola?

Chanzo kilikuwa kwenye safu ya tatu ya jedwali lake. Alichukua riba za minada ya dhamana za siku 364, ambayo hupatikana kwa wiki mbilimbili, na kwa kuwa programu ilitaka data ya kila siku, mwenzake wa ofisini alijaza siku za katikati kwa mstari ulionyooka. Mabadiliko ya kawaida kati ya mnada na mnada yalikuwa kama pointi 20. Ukiyagawa kwa siku 10 za kazi unapata pointi 2 kila siku, mara mzizi wa 260, sawa na 32. Ukichukua minada yenyewe ilivyo, pointi 20 mara mzizi wa 26, unapata 102. Mstari ulionyooka ulikuwa umekula theluthi mbili ya kuyumba. Data ikiwa ya wiki mbili, iache iwe ya wiki mbili. Hata kuirudia bei ya mnada wa mwisho hadi mnada unaofuata kuna madhara madogo kuliko kuipiga pasi namna hii.

Tatizo la pili ni a, na hili halina dawa rahisi. Ukikadiria a kwa data ya miaka michache, jibu huelekea kuwa kubwa kuliko ukweli. Kamba huonekana fupi kwa sababu hujamwangalia mbuzi muda wa kutosha. Na nyuma huwezi kwenda mbali upendavyo, kwa sababu shamba lenyewe limebadilishwa. Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilianza kuendesha sera kwa riba badala ya kiasi cha fedha: ilianza na riba ya asilimia 5.5, ikapanda hadi 6 Aprili mwaka huohuo, ikashuka hadi 5.75 Julai 2025, na riba ya siku 7 kati ya mabenki ikitakiwa kubaki ndani ya asilimia 2 juu au chini ya hapo. Data ya 2015 ni ya mambo mengine, yaliyopigwa mahali pengine. Upande wa muda mrefu nao una historia yake: hatifungani ya kwanza ya miaka 25 ilitoka 2021 na kuponi (riba inayolipwa kwa mwaka) ya asilimia 15.95, na 2022 zilizotoka zilikuwa na 12.56. Ule haukuwa mwendo wa Brown, yaani kutangatanga kwa bahati nasibu. Ulikuwa uamuzi, uliokaa siku moja kwenye karatasi.

Sasa namba aliyoitaka bosi. Mfuko una hatifungani ya 15.95, thamani ya shilingi bilioni 1, tuseme bei yake ni sawa na thamani hiyo na ina miaka 25 mbele. Riba ya muda mfupi ikiruka kwa asilimia 1:

Kwa a ya 0.1, mkunjo wa mbali unafuata kwa uvivu, na hasara ni takriban shilingi milioni 40. Kwa a ya 0.03 ni karibu milioni 55. Mkunjo wote ukipanda kwa pamoja, kama Ho-Lee anavyodhani, ni karibu milioni 65.

Ona kwamba sijabadilisha modeli kati ya namba ya kwanza na ya pili. Zote ni Hull-White. Ubishi wa Vasicek na CIR uliokuwa umeichukua ofisi wiki nzima ungehamisha jibu kwa kiasi kidogo kuliko hiyo milioni 15 iliyomo ndani ya a peke yake. Na kwa kuwa hapa kinga haiji kwa swapu, inakuja kwa kuuza ndefu na kushika fupi, a ndiyo inayosema uuze kiasi gani. Nikamshauri ampelekee bosi mistari yote mitatu, aandike pembeni a iliyotumika, na kama mfuko unacheza na tofauti kati ya miaka 5 na 25, basi aachane na mbuzi mmoja atafute modeli ya visukumo viwili, kwa sababu kisukumo kimoja kinadhani mkunjo wote unaelekea upande mmoja daima.

Akajibu: "Bosi anataka namba moja, mwalimu." Nikamwambia ampe 55, na ile 65 aiweke kwenye ukurasa huohuo, isiende kwenye kiambatisho.

Kijana wa Singida alinipigia Alhamisi. Alikuwa ameuliza benki, na wamemjibu bila kinyongo: kwenye kiwango cha 6 wametumia pointi 118, ada yao ikiwa humohumo. Nikamuuliza na mkataba je? Akasoma kipengele kwa sauti. Riba inakusanywa siku kwa siku, inajulikana mwisho wa kipindi. Tukapiga hesabu pamoja kwenye simu, mzizi wa 1.083 mara 118, ikatoka pointi 123 hivi. Aliweka 123 kwenye Bachelier yake ileile. Nikasikia kibodi, kisha kimya kidogo.

"Mia moja thelathini na nne, mwalimu."

Akaniuliza kama anaweza kuwaomba washuke hadi 112. Nikamwambia aombe.